Wain ya Mgogo, Jino la Msukuma

Jumatano, 3 Julai 2024

Jino. Shavu la kushoto limevimba kama nimeficha kiazi cha kuiba. Vumilia, mke wa mwanangu Makoye, kanipeleka zahanati — yeye bodaboda yake, mimi yangu, maana mkwe na mkwe hawabanani kwenye kiti kimoja. Makoye mwenyewe yuko mgodini Bulyanhulu, chini ya ardhi, anarudi mwisho wa mwezi. Tumebaki wawili hapa Geita: mimi nasema, yeye anainama.

Nesi ni mtoto mdogo, kucha ndefu. Kanichungulia mdomoni akarudi nyuma. Nikamwambia humo kuna duara la zamani, shimo la dhahabu, nilichimba Rwamgasa ujana wangu wote, aangalie asitumbukie. Hakucheka. Siku hizi wanawafundisha kutocheka. Kanipa amoksilini na flagili. Flagili viwili asubuhi, mchana na jioni. Halafu kanikazia macho: mzee, pombe usiguse, hata tone. Ukichanganya na flagili utatapika mpaka uone utumbo, uso utawaka moto, moyo utakwenda mbio.

Hilo nalijua kuliko yeye. Selestine, jirani yangu wa Rwamgasa, alichanganya siku ya harusi ya binti yake. Alitapikia keki! Akalia kwamba mama wa bwana harusi kamroga, na yule mama wa watu akatolewa ukumbini kwa kusukumwa, na kilemba chake kikabaki chini. Mimi ndiye niliyekuwa nimeviona vidonge kwenye mfuko wa Selestine asubuhi ile. Nilinyamaza. Kusema kungeharibu shughuli. Mpaka leo nikikumbuka ile keki nashikwa na kwikwi.

Taabu ni moja: keshokutwa kuna tamasha la wain.

Alhamisi, 4 Julai

Vidonge sijameza. Vumilia kapiga magoti asubuhi: Baba, dawa? Nikasema nimeshameza. Mchana tena. Kumbe kaenda kuchungulia kipakiti, bado kimefungwa. Alinitazama tu kama ng'ombe anayejua njia ya mnadani. Nikimeza leo, kesho sinywi. Jino lisubiri. Limenisubiri miaka sabini na sita.

Donatus kapita jioni na gari lake. Zamani alikuwa broka Rwamgasa, anakaa kibandani na mzani wake, ananunua dhahabu yetu huku jicho moja kalifumba. Leo ana hoteli ya ghorofa na tumbo. Tamasha ni lake. Anataka mzee wa kufungua: nivae lubega, nishike usinga, nimwage wain chini kwa ajili ya mizimu, wageni wapige picha. Nikamuuliza mizimu yangu inywe ya nchi gani. Akasema yoyote. Nikamwambia baba yangu alizaliwa Tinde akafia Tinde, ukimpa ya Ufaransa ataharisha huko aliko.

Kakubali ninywe bure siku zote tatu. Nimekubali kuwa ng'ombe wa maonyesho.

Ijumaa, 5 Julai

Nimefungua. Nimemwaga kidogo chini, nyingi nimemwaga kooni. Picha wamepiga.

Meza zimepangwa kwa nchi. Ufaransa mbele, karibu na jukwaa. Italia. Chile — sijui ni wapi, na anayemimina naye hajui. Afrika Kusini meza mbili. Mwisho kabisa, karibu na jenereta, Dodoma. Leo ni zamu ya nyekundu tupu. Nilidhani nyekundu ni nyekundu. Uongo! Ya Ufaransa ni mkanda mpya wa ngozi, umeutafuna ukiwa na njaa. Ya Italia inakunja ulimi kama ubuyu, halafu inakuacha umesimama peke yako. Ya Chile inanukia penseli iliyochongwa sasa hivi. Ya Afrika Kusini ina moshi, kama mtu aliyelala jikoni penye kuni za mkaratusi, hiyo nimeirudia.

Na wanatema! Kila meza ina ndoo. Wanasukutua, wanatema, wanaandika kwenye simu. Wazee wetu nao walitema pombe, lakini walikuwa wanawapulizia wafu. Hawa wanampulizia nani? Donatus alitema akajichafua shati jeupe, nikamwambia mama yako angekuwa hai angekurudishia kitambaa cha kifuani. Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Ngoma ya chatu ilipoingia, wote wakakimbilia jukwaani na simu zao. Nikabaki na meza. Nimepita glasi hadi glasi nikimaliza mabaki — ya Ufaransa juu ya ya Chile, na rangi za midomo ya akina mama juu yake. Nikafuta mdomo kwa mkono wa shati, nikatulia kama paroko. Hakuna aliyeniona.

Halafu meza ya jenereta. Mwanamke wa makamo, mwembamba, sauti kubwa kuliko mwili. Noela. Kaniamkia shikamoo. Nikamuuliza katokea wapi. Hombolo, Dodoma. Mgogo! Nikafufuka. Mgogo ni mtani wetu sisi Wasukuma, tangu babu zetu wanapita kwao na mizigo ya misafara. Na mtani raha yake hii: unamtukana, anakutukana, anachukua mbuzi wako, unachukua kofia yake, na hakuna mwenye ruhusa ya kukasirika. Ukifa anakuja msibani kwako, anavaa nguo zako, anakuigiza unavyotembea na unavyokula, na waombolezaji wanacheka kwa lazima.

Nikamwambia Wagogo mmechoka kuomba kwa bakuli, sasa mnaomba kwa chupa. Akajibu kwamba Msukuma akioneshwa zabibu, swali lake la kwanza ni kama ng'ombe wanakula. Tukacheka, tukagonganisha mikono.

Nikaonja ya kwake.

Hii sasa — zambarau zilizoiva mpaka zinadondoka zenyewe, halafu udongo wa mvua ya kwanza, halafu chumvi kwa mbali. Inakaa mdomoni kama mgeni mwenye adabu. Hata jino lilitulia. Hakuna ya kuikaribia pale uwanjani, na Ufaransa ndiyo mbali zaidi. Sikumwambia. Nilimwambia inafaa kuogeshea mbwa.

Kacheka, halafu kanieleza kilichomleta. Yupo mama wa kizungu, Hester, ananunua vinywaji vya kambi za migodi na hoteli za mbugani. Atachagua nyekundu moja. Noela akimkosa huyo, zabibu za msimu hazina wa kuzichukua, na kaka zake wameshasema: msimu huu wa mwisho, wanang'oa mizabibu yote aliyoipanda marehemu baba yao, wanapanda alizeti. Yeye kwenye shamba lile ndiko alikokulia, na mama yake bado anapalilia kwa mkono. Nikamwambia alizeti ni nzuri, kuku watanenepa.

Jumamosi, 6 Julai

Leo ilikuwa leo.

Hester kapita meza kwa meza na mkalimani wake, Fredy. Huyu Fredy kasomea Nairobi tangu utoto, shati limenyooka, Kiswahili chake kimenyooka kama shati. Utani hajui ni mnyama gani. Wamefika kwa Noela, watu wamejaa, simu zimeinuliwa. Noela kaniona na lubega langu akaanza yeye: mpeni Msukuma ndoo, glasi ataimeza nzima. Kicheko.

Basi zamu yangu. Nikachukua glasi. Nikainusa. Nikasukutua kwa sauti. Nikashika tumbo, nikafumba macho, nikatikisika. Halafu nikasema kwa sauti ya shahidi mahakamani:

"Hii naijua. Hii imechenjuliwa kwa zebaki. Huyu Mgogo kaiosha kwenye karai la Rwamgasa. Mimi zebaki nimeishika ujana wote, tazameni meno yalivyokwisha."

Watu walivunjika mbavu. Kila mtu hapa anajua karai, anajua zebaki, anajua wachimbaji wanavyokamatia nayo dhahabu. Noela mwenyewe kacheka mpaka akanipiga bega. Mmoja tu hakucheka. Hester alikuwa anamtazama Fredy, na Fredy anamtafsiria pole pole, uso mkavu: huyu mzee ni mchimbaji mzoefu, anasema ndani ya hii wain kuna zebaki.

Hester kaweka glasi chini. Kasema kitu. Fredy kanigeukia kwa heshima zote: mzee, mama anauliza, una uhakika?

Nilimwona Noela. Bado anacheka, mkono uko begani kwangu, hajasikia. Lingetosha neno moja. Lakini watu walikuwa wananingoja — umati mzima, midomo wazi! Lini mara ya mwisho umati ulinisubiri?

Nikasema: "Mwambie nina uhakika kuliko ninavyomjua mama yangu."

Kicheko kikapasua turubai. Fredy katafsiri. Hester kamshukuru Noela kwa kichwa, akaenda meza ya Afrika Kusini.

Hapo ndipo mkono wa Noela ulipotoka begani.

Jumapili, 7 Julai. Sabasaba

Video imesambaa. Dereva wa bodaboda kanionesha kabla sijanywa chai: mimi nimeshika tumbo, chini wameandika wain ya zebaki. Nimetokea vizuri. Lubega limekaa.

Uwanjani watu wanapita mbali na meza ya Noela, wengine wameziba pua, kana kwamba zebaki inanuka. Wasukuma wenzangu wanajua ni utani, lakini hata wao hawanywi. Nimemuuliza mmoja kwa nini. Kasema anajua ni utani, ila tumbo lake halijui. Donatus kamhamishia Noela nyuma ya vyoo, kwa usalama wa wageni. Amekaa na chupa zake kama mwenye kioski siku ya kodi.

Mchana kanifuata. Kaanza vizuri, kaniuliza kama Wasukuma tumeshafika kwenye kuvaa viatu. Halafu kakaa. Halafu kaniita baba. Siyo mtani — baba. Hapo nikajua kaishiwa.

Kasema kamweleza Hester habari za utani tangu mwanzo mpaka mwisho. Hester kaelewa nusu. Kupeleka chupa kupimwa kunachukua muda, na yeye anaondoka kesho jioni. Kesho hiyo hiyo anasaini na mmoja. Anataka asikie kwa aliyesema.

"Baba, sema tu ulikuwa unatania."

Nikamwambia mtani hasemi alikuwa anatania. Akisema hivyo, utani wote unakufa na wazee wanaaibika. Kasema kaka zake wameiona video, wamempigia simu, wameshakodi trekta. Nikamwambia alie kidogo juu ya chupa, wain yake imepungua chumvi.

Hakulia. Kanitazama muda mrefu. Shavu, mdomo, mikono, namna ninavyokaa. Kama fundi cherehani anayempima mtu bila futi.

"Haya. Kesho nitakuja kwako. Nitakuja kama mtani."

Nikamwambia aje na kuku.

Jioni nimekunywa ya Italia ya mwisho. Jino linapiga ngoma yake. Usaha umeanza. Vumilia kaniletea dawa na uji, kapiga magoti mpaka magoti yameingia vumbi. Baba, nakuomba. Nimempa bakuli, dawa nimeziweka mfukoni mwa koti. Kasema Makoye akirudi akanikuta nimeoza kichwa atamlaumu yeye. Kweli kabisa, nimemwambia, atakulaumu.

Jumatatu, 8 Julai

Naandika upesi. Niko chumbani. Wao wako uani.

Asubuhi nilikuwa kwenye kiti changu mlangoni, singlendi na kikoi, shavu limefungwa kitambaa. Nikasikia kilio. Kilio cha msiba, kutoka barabarani, cha mwanamke mmoja lakini cha watu kumi. Majirani wametoka mbio. Vumilia katupa mwiko. Noela anakuja mkono kichwani, anajigonga kifua, anaita jina langu — Mayala umetuacha, Mayala nani atatumalizia pombe sasa. Nyuma yake gari la Hester na Fredy.

Nimekaa pale, mzima, naangalia msiba wangu.

Kafika, hata hodi hakupiga. Kachukua kofia kichwani kwangu. Kachukua fimbo. Kachukua koti langu kwenye kamba, kalivaa. Kajaza kitambaa shavuni. Halafu akawa mimi! Mgongo ule. Mguu wa kushoto ninavyouburuta. Namna ninavyosema neno halafu nakagua nani kacheka. Majirani wameanguka. Nami nimecheka, sheria ni sheria.

Halafu kaomba vikombe. Watoto wa jirani wakamletea, akavipanga juu ya mkeka. Akaangalia kushoto. Akaangalia kulia. Akanyanyua cha kwanza akakinyonya mpaka tako, akashika cha pili, akalamba ukingo, akafuta mdomo kwa mkono wa koti. Koti langu. Akatulia kama paroko.

Aliniona. Siku ile ya ngoma ya chatu, huko nyuma kwenye jenereta lake, aliniona.

Na Vumilia — Vumilia yule wa kuinama, ambaye tangu aolewe humu sijawahi kumtoa hata tabasamu, na nimejaribu — kaangukia kwenye kuni. Kashika tumbo. Machozi. Kasema ndiye, ndiye kabisa, hata nyumbani anafanya hivyo. Mbele ya watu.

Nilicheka. Nilicheka mpaka jino likanipasua hadi sikioni.

Noela kavua koti, kalikunja vizuri, kanirudishia kwa mikono miwili. Kaweka kigoda. Juu yake chupa, imezibwa, Hester mwenyewe kaichagua kwenye kreti. Na glasi moja. Fredy kaeleza: mama Hester anasema, aliyesema kuna sumu anywe glasi nzima. Yeye atakaa hapa hapa kwenye mkeka mpaka saa ya chakula. Fredy atarekodi yote, maana kilichoharibiwa na simu kitengenezwe na simu. Mzee akiwa mzima, anasaini na Noela leo. Mzee akiugua, basi.

Noela kaongeza, kwa sauti ndogo, ya peke yangu:

"Kunywa, mtani. Ukiwa mzima saa saba, mizabibu ya baba inabaki. Sina lingine kwako."

Hana kinyongo. Hilo ndilo linaloniudhi. Kanilipa, kamaliza, anatabasamu kama mtu aliyetua mzigo. Mama yake kapiga simu palepale, akaweka sauti kubwa, bibi wa watu ananisalimia kwa Kigogo, mbukwa, mbukwa, ananishukuru.

Nikasema sawa. Nikasema ngoja nivae koti, sirekodiwi na singlendi kama mwizi wa kuku. Wakakubali. Wamecheka tena.

Dirishani naiona chupa. Jua limeipiga, nyekundu imekuwa kama kaa la moto. Nitainywa, halina ubishi. Ni nzuri, na ni bure. Tangu Jumatano sijameza kidonge hata kimoja, tumbo ni safi, hata zebaki yenyewe isingeniyumbisha. Saa saba ningekuwa pale natafuna muhogo.

Koti limevaliwa. Linanuka mafuta ya yule mwanamke. Mfukoni kuna kipakiti cha flagili.

Nimemkumbuka Selestine na ile keki.

Uani bado wanaigiza. Mtoto wa jirani sasa ndiye mimi. Namsikia Vumilia anamsahihisha: siyo hivyo, anaanza na kushoto.

Tamasha limekwisha jana. Hakuna tena sababu ya kuahirisha dawa. Nesi alisema viwili asubuhi, na bado ni asubuhi.

Noela kapiga kelele kutoka nje: mtani, umekufa kweli humo? Nimemjibu bado, nafunga vifungo.

Nimemwita Vumilia aniletee maji. Kauliza mlangoni, ya nini, Baba? Nikamwambia ya dawa. Kanishukuru kwa Kisukuma, wabeja, wabeja sana, Baba, kama mimi ndiye niliyempa kitu. Kakimbia mtungini, nasikia kata inagonga.

Karudi. Kapiga magoti, kikombe kwa mikono miwili. Bado ana machozi ya kucheka mashavuni. Hasimami. Anasubiri anione nameza.